Mashangingi ya General Motors: Kombe Linakwenda kwa Nani?

Magari watu huyapanga kwa bei, kwa rangi, au kwa jina la aliyeketi kiti cha nyuma. Hapa tunayapanga kwa futi kamba na mizani. Uwanja wetu ni General Motors ya Marekani, kampuni iliyozaliwa Flint, jimbo la Michigan, tarehe 16 Septemba 1908, ambayo leo ndiyo mama wa Chevrolet, Cadillac, Buick na GMC. Washindani ni mashangingi yake. Mara mojamoja tutamfungulia lango mpinzani kutoka nje, maana ushindi bila mpinzani hauna utamu.

1. Jina kongwe kuliko yote: Suburban

Mwaka 1935 Chevrolet ilitoa gari lililoitwa Carryall Suburban. Lilikuwa na milango miwili tu, siti za watu wanane katika safu tatu, na bodi ya chuma tupu wakati ambapo magari mengi ya familia kubwa yalikuwa bado yanaundwa kwa mbao. Chesisi yake ilikuwa ya lori dogo la nusu tani. Injini ya silinda sita ilitoa nguvu farasi 60. Bei ilikuwa dola 675.

Tangu siku hiyo jina halijashuka barabarani. Hakuna modeli nyingine ya gari duniani ambayo jina lake limetumika mfululizo kwa muda mrefu hivyo! Jina Land Cruiser lilianza 1954. Corolla ilikuja 1966. Suburban lilipotoka kiwandani kwa mara ya kwanza, Julius Nyerere alikuwa mvulana wa miaka 12 au 13.

Milango ndiyo iliyochukua muda kuongezeka. Mwaka 1967 ulipatikana wa tatu, na ukawekwa upande wa abiria peke yake. Wa nne ukaja 1973. Na mwishoni mwa 2019 Suburban likawa gari la kwanza kutunukiwa nyota ya heshima Hollywood, kwa kuonekana katika filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 1,700. Ukiona msafara mweusi wa maofisa wa usalama katika filamu ya Kimarekani, tazama nembo ya mbele.

2. Refu kuliko yote: Escalade IQL

Suburban la kizazi cha sasa, lililoingia sokoni na mwaka wa modeli 2021, lina urefu wa mita 5.73. Ndugu yake wa kifahari, Cadillac Escalade ESV, anafika mita 5.77. Kisha ikaja Escalade IQL inayotumia umeme, na kusimama kwenye mita 5.80.

Hiace ya kawaida, ile ya abiria 14 tunayoijua stendi zote, ina mita 4.7. Kwa hiyo Escalade IQL inaizidi daladala kwa zaidi ya mita nzima, na mara nyingi ndani yake yuko mtu mmoja anayekwenda kazini. Iegeshe mlalo kwenye mstari wa goli la Uwanja wa Benjamin Mkapa: goli lina upana wa mita 7.32, hivyo mshambuliaji amebakiwa na mita moja na nusu pembeni na nusu mita ya juu. Huyo kipa hafungiki kirahisi!

Mpinzani wa nje hapa ni Ford Excursion, iliyouzwa kuanzia mwaka wa modeli 2000 hadi 2005. Ilikuwa na mita 5.76, na ilipokuja ilitisha kiasi kwamba shirika la mazingira la Sierra Club liliibandika jina la meli iliyomwaga mafuta Alaska. Ford ikaiondoa sokoni. General Motors haikuondoka. Leo ina magari mawili yanayoipita ile Excursion kwa urefu.

3. Zito ajabu: Hummer ya umeme

Jina Hummer lilitokana na gari la jeshi la Marekani. AM General ya Indiana ilianza kuliuzia raia 1992, na mnunuzi wa kwanza alikuwa Arnold Schwarzenegger. Mwaka 1999 General Motors ikainunua chapa, ikatoa H2 mwaka 2002, kisha ikaifunga 2010 baada ya jaribio la kuiuza kwa kampuni ya China kushindikana. Ikarudi miaka kama kumi baadaye ikiwa ya umeme, chini ya nembo ya GMC, nzito kuliko ilivyokuwa wakati wowote katika ukoo huo wa H2 na H3.

Pikapu ya GMC Hummer EV ina kilo 4,111. Tembo jike aliyekomaa huwa na tani tatu hivi. Hummer anamzidi kwa tani moja. Lakini kinachonishangaza mimi ni betri. Peke yake ina kilo 1,326. Toyota IST nzima, pamoja na injini, gia, siti na redio, ina tani moja na kidogo. Yaani betri ya Hummer ni nzito kuliko IST unayoiona ikipinda kona ya Mwenge!

Betri hiyo inabeba uniti zaidi ya 200 za umeme. Familia ya Tanzania iliyo katika kundi la D1 la TANESCO, lile la matumizi madogo, ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Kinachojaa ndani ya Hummer moja kwa chaji moja kingeiwashia nyumba hiyo taa, redio na pasi kwa karibu miezi mitatu.

4. Lenye nguvu na mbio kuliko yote: Hummer tena

Nguvu farasi 1,000. IST ya injini ndogo ya lita 1.3 ina 87. Utahitaji zaidi ya 11 kuzifunga pamoja ndipo zivutane na Hummer hiyo bila kuburuzwa. Tani nne zinatoka kusimama hadi kilomita 96 kwa saa kwa sekunde tatu hivi. Soma sentensi hii kwa sauti, na kabla hujafika mwisho gari limekwisha kufika.

Kwa wapenda petroli, medali ya fedha inakwenda kwa Escalade-V. Ni V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, nguvu farasi 682, na kasi hiyohiyo kwa sekunde 4.4. Watu wa Dar wanaoita Land Cruiser "V8" kwa heshima wangepaswa kutafuta jina jingine kwa hii. Escalade za kizazi hiki zilikuja pia na chaguo la spika 36, idadi ambayo hata nganya ya Rongai ingeiheshimu. Ile ya umeme imewekewa kioo cha kidijitali cha inchi 55 kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia. Runinga ya inchi 55 hujaza kibanda umiza kizima siku ya Simba na Yanga.

5. Tumbo kubwa kuliko yote: Suburban, na wenyewe wanalisemea

Hapa ndipo mashindano yenyewe yalipo. Wenye magari haya hawakwambii habari za urefu wala spika. Watakupeleka nyuma, wafungue buti, wakunyamazie.

Laza safu mbili za nyuma na Suburban linakupa lita 4,097 za nafasi: mapipa 20 ya lita 200. Lakini mwenye familia hujali namba nyingine, ile inayobaki safu zote tatu zikiwa zimekaliwa. Magari mengi ya siti saba, abiria wa mwisho wakishaketi, hubakiza nyuma nafasi ya mfuko wa ununuzi na mwavuli. Suburban linabakiza lita 1,175. Hiyo ni buti ya Corolla mara mbili na nusu, huku watu wanane wameshakaa! Ndiyo maana Texas, ambako familia ni kubwa na barabara hazina mwisho, watu walilipa jina la gari la taifa la Texas. Na liko nyumbani kweli: Suburban, Tahoe, Yukon na Escalade za petroli hutoka kiwanda kimoja, Arlington, kilichofunguliwa 1954.

Sifa ya pili wanayoitaja ni kuvuta. Likiwa na vifaa vyake kamili, Suburban linakokota tela la kilo 3,760 hivi. Boti, farasi wawili, nyumba ya matairi: vyote vinafuata nyuma.

Ubishi mkali zaidi ni kati yao na wale wanaoendesha magari ya familia ya chini yenye milango ya kuteleza. Huu ni ubishi wa kweli na kila upande una namba zake. Toyota Sienna ya mseto inabeba watu wanane pia, sakafu yake iko chini hata bibi anapanda bila kushikwa mkono, na kwa mafuta inakwenda zaidi ya mara mbili ya umbali wa Suburban. Lakini Sienna inavuta kilo 1,588 tu. Mwenye boti ameshajibiwa. Asiye na boti wala tela, ambaye safari yake ni shule na sokoni, kwa uamuzi wangu ameshindwa hoja, hata kama anapenda kukaa juu na kuona mbali.

Malalamiko ya wenye Suburban nayo yana historia. Kwa miaka mingi safu ya tatu ilikuwa benchi zito la kung'oa kwa mikono, na aliyekaa huko magoti yalimgusa kidevu. Mwaka wa modeli 2015 siti zikaanza kulala zenyewe hadi sakafuni. Mwaka wa modeli 2021 mhimili wa nyuma wa kipande kimoja ukaondolewa, kila gurudumu la nyuma likaachwa lipande na kushuka peke yake, sakafu ikashuka, na mtu mzima akaweza kukaa nyuma kama mtu mzima. Kwa mwenye familia, badiliko hilo moja ni kubwa kuliko nguvu farasi zote za namba nne. Bado yapo mawili yasiyoisha: gereji za nyumba za zamani hazilitoshi, na bei iliyoanzia dola 675 sasa inaanzia juu ya 60,000.

6. Lenye kiu kuliko yote

Suburban za 1992 hadi 1999 zilikuwa na tangi la lita 159. Bodaboda aina ya Boxer hujaza lita 11 hivi. Simamisha bodaboda 14 kwenye foleni ya sheli, zijaze zote pomoni, na bado Suburban moja imezishinda. Excursion ya Ford ilikuwa na lita 166 na ushei. Kwa unywaji, mpinzani wa nje ametwaa kombe.

Suburban la leo lenye V8 ya lita 5.3 linakwenda takriban kilomita 6.4 kwa lita mjini, na 8.5 barabara kuu. Nairobi hadi Mombasa lingemeza kama lita 56, bila kuhesabu foleni ya Mlolongo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: H2 na Excursion hazikuwa na kibandiko cha serikali cha kuonyesha matumizi ya mafuta. Sheria ya wakati huo iliyaacha nje magari ambayo uzito wake pamoja na mzigo ulivuka pauni 8,500, sawa na kilo 3,856. Gari likizidi unene, halipimwi! Zaidi ya hapo, mwaka 2003 sheria ya kodi ya Marekani iliruhusu mwenye biashara kupunguza hadi dola 100,000 kwenye hesabu zake kwa gari zito la kazi, na daktari au wakili mwenye H2 alikuwa mwenye biashara kama fundi mwenye lori. Mapenzi ya ukubwa yalikuwa ya moyoni, lakini serikali nayo ilichangia mahari.

7. Lililotembea mbali kuliko yote

Mwaka 2022 kampuni ya takwimu za magari ya iSeeCars ilitazama asilimia moja ya magari yaliyotembea zaidi katika kila modeli. Toyota ilichukua dhahabu na fedha: Sequoia kilomita 477,000, Land Cruiser 451,000. Shaba ikaenda kwa Suburban, kilomita 427,600. Nafasi ya tano ilikuwa ya pacha wake, GMC Yukon XL.

Kilomita 427,600 ni Nairobi–Mombasa, kwenda na kurudi, mara 445. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka duniani. Suburban lililotunzwa vizuri limeshafika na kuupita.

Na General Motors ilifika huko kweli! Magurudumu na mfumo wa kuendeshea wa kigari cha wanaanga wa Apollo vilitengenezwa na kampuni hiyo ikishirikiana na Boeing. Vigari hivyo vilipelekwa vitatu, 1971 na 1972, na vyote viko hukohuko hadi leo. Gene Cernan wa Apollo 17 alikifikisha kilomita 18 kwa saa, mwendo wa baiskeli ya muuza maziwa, na ndiyo rekodi ya Mwezi.

Sifa hiyo ya kudumu ilipata pigo Aprili 2025. General Motors iliyaita karakana karibu magari 600,000 nchini Marekani, yenye V8 ya lita 6.2 ya miaka ya modeli 2021 hadi 2024, kwa sababu ya kasoro za kiwandani katika krenki na konrodi zinazoweza kuiua injini barabarani. Escalade, Suburban, Tahoe na Yukon zimo zote. Mtu aliyelinunua kwa ajili ya kilomita laki nne ana haki ya kukasirika kwa sauti.

8. Utawala mrefu kuliko wote, na anguko la aina yake

William Durant alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi. Aliiunda General Motors 1908 juu ya msingi wa Buick, akafukuzwa na mabenki 1910, akaanzisha Chevrolet 1911 pamoja na dereva wa mashindano kutoka Uswisi, Louis Chevrolet, na kwa faida ya Chevrolet akainunua upya kampuni aliyofukuzwa. Mwaka 1920 akafukuzwa tena. Miaka yake ya mwisho alikuwa na ukumbi wa mchezo wa bolingi Flint, mji uleule.

Alichokiacha kilikua kupita kiasi. Kuanzia 1931 hadi 2007, miaka 77 mfululizo, hakuna kampuni duniani iliyouza magari mengi zaidi. Mwaka 1955 ikawa ya kwanza Marekani kupata faida ya zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Mwaka 1962 nusu ya magari yote mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa yake. Mwaka 1979 ilikuwa na wafanyakazi 618,000 nchini humo peke yake. Jiji la Arusha, kwa sensa ya 2022, lilikuwa na watu karibu 617,000: wazee, wachanga na wagonjwa, wote pamoja hawafikii daftari la mishahara la kampuni moja!

Mafuta yalipopita dola nne kwa galoni 2008, na benki zikaacha kukopesha, mashangingi yakabaki yadi. Tarehe 1 Juni 2009 General Motors iliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi ikiwa na mali ya dola bilioni 82 na madeni ya bilioni 172.8. Haijawahi kufilisika kampuni ya viwanda kubwa kuliko hiyo katika historia ya Marekani. Madeni hayo yalizidi pato la mwaka huo la Kenya, Tanzania na Uganda yakijumlishwa. Serikali iliweka karibu dola bilioni 50, na zaidi ya bilioni 10 hazikurudi. Kampuni mpya ikatoka mahakamani baada ya siku 40, bila Pontiac, bila Saturn, na Hummer ikiwa mlangoni. Suburban lilibaki.

9. Rekodi isiyostahili kombe

Mwaka 2023 taasisi ya usalama barabarani ya bima za Marekani, IIHS, ilichapisha utafiti juu ya boneti. Gari ambalo boneti yake iko juu ya sentimita 102 lina uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 45 hivi wa kumuua mtembea kwa miguu linapomgonga, likilinganishwa na gari dogo lenye pua ya chini. Sentimita 102 ni kimo cha mtoto wa miaka minne. Mwenye gari anasema anajisikia salama humo ndani, na anasema kweli. Usalama huo una wa kuulipia huko nje, na watengenezaji wanaweza kushusha pua bila kupunguza hata pipa moja la nafasi ya nyuma.

10. Lililo karibu nasi kuliko yote

Suburban na Yukon ni nadra Nairobi na Dar es Salaam. Land Cruiser ilishika nafasi hiyo zamani. Ndugu zetu Waswahili wa Muscat ndio wanaoyaona kila asubuhi, kwani Ghuba ni soko kubwa la magari haya. Lakini kampuni yenyewe iliishi kwetu miaka mingi. General Motors Kenya ilianzishwa 1975, ikaanza kuunganisha magari Nairobi 1977, na kazi yake kubwa ikawa Isuzu: malori, pikapu na mabasi. Mwaka 2017 iliuza hisa zake, asilimia 57.7, kwa Isuzu, na kiwanda kikabadilishwa jina. Matatu nyingi za Isuzu za siti 33 zilizobeba Wakenya kabla ya hapo zilipita mikononi mwa mafundi wa General Motors.

Sasa kombe. Hummer imeshinda mbio, Escalade imeshinda futi kamba. Lakini Hummer ilizikwa mara moja, na Escalade ilizaliwa juzi, 1998, kwa haraka ya kumjibu Lincoln Navigator. Suburban halina dhahabu ya urefu, uzito, nguvu wala kilomita. Lina ya tumbo na ya umri, na 2025 lilitimiza miaka 90 likiwa bado linatoka Arlington. Nalikabidhi kombe.